Anzia Siku ya Kurudi

Kila mwaka Bunge la bajeti likielekea ukingoni, mazungumzo ya ofisini kwetu hapa Dodoma hubadilika. Watu waliokesha na makabrasha tangu Aprili huanza kuhesabu siku zao za likizo, na mimi huulizwa swali lilelile: "Wewe uliyekwenda visiwani, nitajie hoteli nzuri na watu wazuri wa kunipeleka chini ya maji." Nimelijibu kwenye foleni ya benki, kwenye harusi na ndani ya treni, na kila nikimaliza kujibu nakumbuka kitu nilichosahau. Leo naliandika lote.

Naanza na jambo linalotutofautisha sisi na mtu wa Tanga au Dar es Salaam. Sisi tunaishi juu. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Nkuhungu au Area C hajioni kuwa yuko mlimani, kwa kuwa nchi yote imenyooka hadi macho yanapokomea, na vilima vyenye majabali vinaonekana kama vitu vilivyowekwa tu juu ya uwanda. Lakini uwanda wenyewe ndio ulioinuka. Hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko hewa ya Forodhani, kando ya bahari kule Unguja. Kwa kazi za kila siku tofauti hiyo haina maana. Kwa mtu aliyepanda kutoka chini ya bahari asubuhi ya siku hiyohiyo, inaweza kumlaza hospitali.

Mimi sikulijua hilo. Safari yangu ya kwanza ya kupiga mbizi ilikuwa Desemba 2024, miezi michache baada ya treni ya SGR kuanza kubeba abiria hadi Dodoma. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu, tumefikia Nungwi. Siku ya mwisho tukashuka mara mbili asubuhi, tukatoka tukiwa na furaha ya watoto. Kampuni iliyotupeleka ilikuwa na boti safi na vijana wachangamfu. Hakuna hata mmoja wao aliyetuuliza tunaondoka lini. Aliyeuliza ni nahodha, mzee wa makamo ya baba yangu, wakati tunamsaidia kukunja kamba.

"Mwondoka lini, wanangu?"

"Leo hii, mzee wetu. Tunakimbilia boti ya alasiri, kisha treni ya usiku mpaka Dodoma."

Akaacha kamba. "Dodoma huko si juu?"

"Ni juu kidogo."

"Basi msende leo. Lalani. Bahari haijawatoka bado."

Tulikuwa tumeshalipa tiketi. Mdogo wangu alinitazama kama anayetaka nimjibu mzee kwa adabu kisha tuondoke. Tukalala. Tiketi za treni zikapotea, tukalipa usiku mmoja zaidi, na niliporudi nikaanza kusoma nilichopaswa kukisoma kabla ya kwenda.

Maneno ya mzee yalikuwa sahihi kabisa. Ukishuka mita 10 chini ya maji, mgandamizo juu ya mwili wako unakuwa maradufu ya ule wa juu. Ukifika mita 20 ni mara tatu. Hewa unayovuta kutoka kwenye mtungi inakuja kwa mgandamizo huohuo, na sehemu yake kubwa ni nitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Inayeyuka kwenye damu na kwenye nyama, inakaa humo. Ukipanda polepole inatoka taratibu kwa njia ya mapafu. Ukipanda haraka, au ukienda mahali penye hewa nyepesi kabla haijamalizika kutoka, inafanya kama soda iliyofunguliwa ghafla: povu. Povu hilo likiwa kwenye kiungo, unaumwa bega au goti. Likiwa kwenye uti wa mgongo, unaweza kupoteza nguvu za miguu.

Kwa sababu hiyo wazamiaji wana mwongozo wa kusubiri kabla ya kupanda ndege. Aliyeshuka mara moja tu, bila kupitiliza muda wa kina alichofikia, asubiri angalau saa 12. Aliyeshuka mara kadhaa kwa siku, au siku kadhaa mfululizo, asubiri angalau saa 18. Walimu wengi husema saa 24 ili kusiwe na hesabu za kubahatisha. Watu wakisikia "ndege" hudhani anayepanda basi au treni yuko salama. Mwongozo huo unaangalia mwinuko wa kuanzia takriban mita 600, na Dodoma imeupita mbali. Zamani basi lilitumia siku nzima kutoka Dar es Salaam mpaka huku, likipita Morogoro na Gairo, na msafiri wa visiwani alilazimika kulala Dar kwanza. Leo treni inamaliza safari kwa saa nne au pungufu. Mtu anaweza kuwa kwenye matumbawe saa nne asubuhi na kitandani kwake Ilazo kabla ya usiku wa manane. Kasi hiyo ni neema, na kwa mzamiaji inahitaji mpango.

Kwa hiyo unapoanza kupanga, andika kwanza saa ya treni ya kurudi. Hesabu saa 24 kinyumenyume. Hapo ndipo mbizi ya mwisho inapokomea. Kutoka hapo rudi nyuma upange siku zilizobaki, na chumba cha usiku wa mwisho ukitafute Mji Mkongwe, kwa sababu siku hiyo ni ya nchi kavu. Utatembea vichochoro, utanunua karafuu na halua, jioni utakula Forodhani. Asiyeshuka na mtungi, yaani anayeelea juu kwa miwani na mrija tu, hana haja ya hesabu hii. Anaweza kuogelea asubuhi na kupanda treni jioni.

Sasa hao wa kukushusha. Nimetumia boti za kampuni kadhaa tangu wakati ule, na kipimo changu kimekuwa kimoja: nahesabu maswali wanayoniuliza mimi. Mwenye duka huuliza unataka lini na mko wangapi. Anayebeba roho za watu huuliza zaidi. Unajua kuogelea? Umewahi kushuka? Mara ya mwisho lini, na kina gani? Una pumu, kifafa, presha, umefanyiwa upasuaji wa karibuni, una ujauzito? Una mafua leo? Unaondoka siku gani, kwa chombo gani, unakwenda wapi? Kampuni inayofuata utaratibu itakupa fomu ya afya uijaze na kuitia sahihi kabla hujavaa kitu. Ukijibu "ndiyo" kwenye baadhi ya maswali, watataka cheti cha daktari. Usikasirike, na usidanganye ili upite. Kama una ugonjwa unaojulikana, fomu kama hizo zinapatikana mapema. Ipeleke kwa daktari wako hapa Dodoma kabla hujalipa nauli.

Aliyekuambia "twende tu, bei nzuri, vifaa vipo" bila kukuuliza lolote, mwachie ufukwe wake.

Mafua nayataja peke yake kwa sababu sisi watu wa bara huyapuuza. Tunatoka kwenye vumbi na upepo mkavu wa Juni, pua imeziba, tunasema ni ya kawaida. Chini ya maji hewa iliyonaswa nyuma ya pua iliyoziba haina pa kupita, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Ukiwa na mafua, siku hiyo kaa juu.

Ukishaulizwa, nawe uliza. Wana oksijeni ya dharura kwenye boti? Jibu la "ipo" halitoshi. Omba uone mtungi wenyewe, barakoa yake, na mshale wa kipimo ukionyesha kuwa haujaisha. Nahodha anabaki botini watu wakiwa chini, au naye anaruka? Mwongozaji mmoja anachukua wageni wangapi? Kwa mtu wa mara ya kwanza baharini, wanne kwa mwalimu mmoja ni wengi vya kutosha, na mimi ningetafuta wawili. Wanaita majina kabla boti haijang'oa nanga kurudi? Kuna wazamiaji duniani waliosahaulika baharini kwa sababu mtu alihesabu vichwa kwa macho badala ya kusoma orodha. Mgonjwa wa povu anatibiwa kwenye chumba maalumu cha mgandamizo. Waulize kilicho karibu na kinachofanya kazi mwezi huu kiko wapi, na wanamfikishaje mtu huko. Wenye jibu huwa nalo papo hapo, na namba ya simu imebandikwa ukutani.

Vifaa navyo vina lugha yao. Mtungi una tarehe zilizogongwa begani mwake zinazoonyesha ulipopimwa uimara. Uliza ulipimwa lini mara ya mwisho. Vuta hewa yake ukiwa bado nchi kavu. Ikinuka mafuta au moshi, usishuke nayo, maana huenda mashine ya kujazia inavuta moshi wa jenereta, na moshi huo chini ya maji unalevya na kuua. Tazama mipira ya hewa pale inapoungana na chuma kama imechanika. Ukiona mitungi imepangwa kivulini, makoti ya mpira yameoshwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kuanikwa, jua kuna mtu anayejali hata wakati mteja hayupo.

Vyeti vinavyotajwa sana visiwani ni vya mashirika ya mafunzo ya PADI na SSI, na vyote ni vya kuaminika. Tofauti yao isikunyime usingizi. Unachohitaji kujua ni unanunua nini. Kuna onjo la siku moja, ambalo mwalimu anakushika karibu mkono kwa mkono na kikomo chake ni mita 12. Kuna kozi ya msingi ya siku tatu au nne hivi, inayokupa cheti cha kushuka hadi mita 18 ukiwa na mwenzako popote duniani. Humo utatakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Kozi inayofuata hufikisha mita 30. Mtoto kuanzia miaka 10 anaweza kuanza. Mwalimu akiahidi kukupeleka mita 25 siku ya kwanza "kwa sababu unaonekana jasiri", ujasiri wako hauna uhusiano na mapafu yako. Mwalimu mzuri atarudia mambo mawili mpaka uchoke: usibane pumzi kamwe, na panda polepole, mita tisa kwa dakika au pungufu, kisha simama dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka.

Ukiwa huwezi kuogelea mita 20, mapenzi yako ya bahari yaanzie hapa hapa. Dodoma ina hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Miezi miwili ya Jumamosi asubuhi pamoja na mtu anayejua kufundisha itakusaidia kuliko kifaa chochote utakachokodi Nungwi. Hii nasema hasa kwa akina mama wenzangu, ambao wengi wetu tulikua tukiambiwa bwawani si mahali petu, na tukaletewa hadithi za mabwawa ya Mtera na Hombolo za kututisha. Maji tuliyapita kando utotoni. Si lazima tuyapite kando maisha yote.

Nimetaja boti mara nyingi, na hapa siwezi kupita haraka. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza kupita uwezo wake, na mamia ya watu wakafa. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Wenyeji wa visiwani hawajasahau, na huwasikii wakifanya mzaha kuhusu idadi ya watu chomboni. Jifunze kwao. Boti ndogo ya kwenda kwenye matumbawe ina jaketi za kuokolea kwa kila mtu, na zinafikika bila kuhamisha masanduku ya soda. Kama sivyo, shuka. Kama bahari imechafuka na nahodha anasita, usimbembeleze kwa kuwa umelipa. Kampuni inayoahirisha safari na kurudisha pesa ndiyo ya kuipigia simu mwakani.

Malazi ni jambo la pili kwa makusudi. Wengi wetu huanza na picha ya kitanda chenye maua mekundu, tunalipa, ndipo tunatafuta bahari. Anza na bahari unayoitaka, kisha utafute kitanda kilicho karibu nayo. Ukitaka kuona matumbawe ya Mnemba, lala Matemwe au Nungwi. Ukilala Paje, utaamshwa alfajiri uzunguke nusu ya kisiwa ndani ya gari kabla hujagusa maji. Mwanzoni mwa safari, aliyefikia Mji Mkongwe ana matumbawe ya Pange, yasiyo na kina kirefu, yanayomfaa anayeanza. Chumbe, iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1990, ni ya miwani na mrija, na kwa familia yenye watoto sioni darasa zuri zaidi la bahari nchini. Pemba ni ya waliozoea: mfereji kati yake na bara una kina cha mamia ya mita, kuta za matumbawe zinashuka kwenye giza la buluu, na mikondo ina nguvu. Usianzie huko.

Mafia ina ladha yake. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Wanaokaa Utende wako ndani ya hifadhi, mbele ya ghuba ya Chole, na hulipa kiingilio kwa siku. Mtanzania ana kiwango chake, basi kitambulisho kisibaki nyumbani. Wanaokaa Kilindoni hupata gesti za bei ya kawaida na wako karibu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiye na madhara kwa mtu, anayeonekana hasa kati ya Oktoba na Februari. Hula karibu na uso wa maji, kwa hiyo unamwona kwa miwani na mrija. Chagua boti inayozima injini, isiyomkatia njia, na isiyoruhusu mtu kumgusa. Kule Kizimkazi, Unguja, waambie mapema kwamba hutaki pomboo wakimbizwe. Nahodha atakuheshimu zaidi.

Sasa maji kupwa na kujaa, ambayo kwa mtu wa uwandani ni somo jipya kabisa. Mkutano wangu wa kwanza na pwani ya mashariki ya Unguja ulikuwa wa huzuni: niliamka kuogelea, nikakuta bahari imeondoka. Ilikuwa imerudi nyuma mbali sana, imeacha mchanga, majani na akina mama wakivuna mwani kwenye mistari ya kamba. Nilidhani nimetapeliwa. Kumbe ni bamvua. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa mno na kujaa mno, tofauti yake ikifika karibu mita nne. Katikati ya hapo huja maji mafu, yanayosogea kidogo. Paje, Bwejuu, Jambiani na Matemwe ziko kwenye mwambao mpana usio na kina, ndiyo maana bahari huonekana kuhama. Nungwi na Kendwa mwambao unashuka haraka zaidi, na unaweza kuogelea karibu wakati wote. Kabla ya kulipia chumba chagua tarehe ukiwa na kalenda ya mwezi mkononi, na mpigie mwenye nyumba simu ya video maji yakiwa yamekupwa, umwombe aelekeze kamera baharini. Anayekataa ameshakujibu. Ukitembea kwenye mwambao mkavu vaa viatu: kuna viumbe weusi wenye miiba kama sindano, na ukikanyaga matumbawe unaua kitu kilichochukua miaka mingi kukua. Mengi ya matumbawe ya mwambao huu yalipauka na kufa kwa joto la bahari mwaka 1998, na mengine 2016. Yaliyopo yanajitahidi kurudi.

Upepo nao una majina na tabia. Kusi huvuma kuanzia katikati ya mwaka hadi Septemba hivi, kutoka kusini, na pwani ya mashariki inakuwa na mawimbi. Huo ndio wakati ambao wafanyakazi wengi wa Dodoma hupata nafasi baada ya bajeti. Ukienda Julai, lala upande wa kaskazini-magharibi, Kendwa au Nungwi. Kaskazi huanza Desemba na kuendelea hadi Machi. Masika ya Machi hadi Mei bei hushuka sana, lakini maji huwa machafu na hoteli nyingine hufunga. Mimi nikiwa na uhuru wa kuchagua huenda Oktoba, au Februari watalii wa mwaka mpya wakishaondoka: bahari imetulia, maji yanaona mbali, na vyumba vina bei ya kuzungumzika.

Kuhusu bei, zungumza kama mwenyeji wa nchi hii. Hoteli nyingi na kampuni nyingi za mbizi zina bei ya mkazi, na hazikutajii usipouliza. Uliza kabla ya kutaja tarehe. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo ukitajiwa dola omba bei kwa shilingi. Malipo ya awali yaende kwenye lipa namba inayoonyesha jina la biashara, na jina hilo lifanane na la risiti. Namba ya mtu binafsi aliyekutana nawe kwenye picha za mitandao haitoshi. Bandarini utapokewa na papasi, vijana wanaotafuta kamisheni kwa kukupeleka hotelini. Wengine ni watu wema wenye njaa, lakini mtu aliyepanga safari yake hana haja nao. Wasalimie, washukuru, endelea.

Chumba chenyewe kikague kwa vitu vya kawaida. Maji ya bomba ni ya chumvi? Pwani visima vingi ni vya chumvichumvi, na mwenye ngozi nyepesi ataumia. Umeme ukikatika jenereta inawashwa saa ngapi, na iko mbali na dirisha lako? Neti ina matundu? Kifungua kinywa kinaanza saa ngapi, maana boti ya mbizi huondoka mapema na tumbo tupu baharini hutapisha sawa na tumbo lililojaa. Kama unakwenda wakati wa Ramadhani, uliza mchana chakula kinapatikana wapi, na ule faragha. Nje ya ufukwe, vijijini, vaa nguo za heshima. Tunawataka wageni wanaokuja Kondoa au Mpwapwa waingie kwa hodi. Nasi tubishe hodi kwa wenzetu.

Nyumba ndogo za wageni zinazoendeshwa na familia nazipenda kuliko hoteli kubwa, na nasema wazi ni upendeleo wangu. Mwenye nyumba ya namna hiyo anajua nahodha yupi amekaa baharini miaka 30 na yupi alinunua boti mwaka jana. Ukimbebea kilo mbili za zabibu za Dodoma, zilizofungwa vizuri zisipondeke melini, atakuambia ukweli ambao tovuti haiwezi kukuambia.

Kwa asiye na uwezo wa haya yote mwaka huu, Dar es Salaam ina Bongoyo na Mbudya. Boti kutoka Msasani au Kunduchi, miwani na mrija, siku moja. Ni mwanzo mzuri, na utajua kama bahari unaipenda kabla hujatumia mshahara wa miezi miwili.

Linalobaki ni la baada ya safari. Umefika nyumbani Dodoma, umesubiri saa zako, na bado inawezekana, kwa nadra, mwili ukakataa. Bega linauma bila kugongwa. Ngozi inawasha na kuweka madoa. Mkono una ganzi, kichwa kinazunguka, mkojo hautoki, umechoka uchovu usio wa safari. Mara nyingi dalili hizi hujitokeza ndani ya siku ya kwanza. Usimeze dawa ya maumivu ukalala, na usikubali mtu akuwekee tiketi ya ndege kukukimbiza Dar, kwa sababu ndege ya kawaida itaongeza povu. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu, lala chali, omba oksijeni, kunywa maji kama unaweza. Daktari wa bara anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kukutana na mgonjwa wa aina yako. Kwa hiyo kabla hajakuuliza chochote, mwambie ulipiga mbizi, mwambie ulishuka mita ngapi, na mwambie saa uliyotoka majini. Saa hiyo iandike kwenye simu yako kila unapopanda botini, hata siku unayojisikia mzima kabisa.